Kitanda Juu ya Mabega

Kitanda kile nilikisimamisha ukutani kwenye karakana yangu, matendegu yakitazama nje, na kwa miaka mitatu sikumruhusu mtu akiguse. Wateja waliokuja kuagiza milango na masanduku walikiona na kuuliza kama kinauzwa. Niliwajibu hakiuzwi, kwa sauti ambayo haikumpa mtu hamu ya kuuliza mara ya pili. Sina upole wa kujisifia. Mama yangu alikuwa akisimulia kwamba nilizaliwa nimekunja uso nikasahau kuukunjua, na majirani zangu pale Bagamoyo walilishuhudia hilo kila asubuhi walipopita kunisalimu.

Kabla ya kuwa fundi wa milango nilikuwa fundi wa vitanda. Nilichonga matendegu, nikaunga mifumbati ya ubavuni, kisha nikawamba kwa kamba za makumbi ya nazi mpaka ukizigusa kwa kidole zinaitika. Hicho cha ukutani nilikitengeneza nilipooa. Nilikifanya chepesi kwa sababu mke wangu alipenda kukitoa uani kwenye upepo, na hakutaka kuniita kila mara nije kushika upande wa pili. Alikuwa mtu wa utani sana. Alisema nimekipunguza uzito kwa faida yake, ili siku akinichoka aweze kujitwika na kwenda nacho kwao.

Kweli kilimchukua, na mimi nilikuwa mmoja wa waliombeba. Baada ya hapo sikuwamba kitanda kingine.

Miaka ile, baada ya Azimio la Arusha, nchi nzima ilikuwa imeingiwa na kutembea. Vijana walitoka mikoani kwa miguu wakielekea Dar es Salaam, bendera mbele, nyayo zimevimba, wakipokewa kila kijiji kwa nyimbo na madafu. Niliwatazama kutoka mlangoni nikiwa na randa mkononi, nikajisemea kwamba hawa wangekuwa na kazi wasingepata nafasi ya kuvimba miguu. Kwa hiyo siku mwalimu wa shule ya msingi alipokuja karakanani akiwa amevaa viatu vipya vya turubai, nilijua balaa gani limepiga hodi.

Alikuwa kijana wa bara, mrefu, mwembamba, mwenye haraka. Alikuwa ameishi pwani mwaka mmoja tu na alikuwa bado anasalimia huku anatembea.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Simama kwanza, ndipo useme."

Akasimama. Akaniambia kwamba yeye na walimu wenzake, vijana wa shamba la ujamaa na akina mama wa mtaani wamekubaliana kutembea mpaka Dar es Salaam, na njia nzima watabeba kitanda mabegani, ili wakubwa waone jinsi wagonjwa wa upande wa Mlingotini wanavyosafirishwa wakati wa mvua. Wangeomba zahanati yenye chumba cha kujifungulia. Vijijini wangepokea chochote ambacho mtu anacho, misumari, pamba, vitambaa vya watoto, na kukiweka juu ya kitanda hichohicho.

"Tunaomba utuazime kile," akasema, akionyesha ukutani.

"Kile hakitoki."

"Basi tutachukua cha chuma cha bwenini."

"Cha chuma mtakiacha Mbegani, kama si mabega yenu yatakayobaki huko."

Akacheka, akidhani natania. Kisha akasema, bila kujua anamwambia nani, "Wameniambia kuna mama alifia njiani akipelekwa Kerege, mwaka ule wa mvua kubwa. Yeye na mtoto tumboni. Mimi nikisikia habari kama hiyo sikai, Fundi."

Nikaweka randa chini. Nilitaka kumfukuza, na maneno ya kumfukuzia nilikuwa nayo tayari, maana mimi maneno ya namna hiyo hayanipungukii. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Kichukueni. Lakini nakwenda nacho." Nadhani aliyeshangaa zaidi kati yetu ni mimi.

Kuna jambo moja sikumwambia, na sikumwambia kwa ukorofi tu. Kwetu, kitanda kilichofunikwa kikipita juu ya mabega ya wanaume, watu hawaulizi. Wanaacha wanachofanya na kuja kubeba. Mtu hutangulia mbele, anapokea mti begani, aliyekuwa mbele anarudi nyuma, wa nyuma kabisa anatoka, na hivyo kitanda kinakwenda mpaka makaburini bila kusimama wala kugusa ardhi. Kumbeba maiti usiyemjua kuna thawabu zake, na hakuna anayetaka kuzipoteza kwa sababu ya kupalilia mihogo. Wanawake hawafuati. Yeye alikuwa anakwenda kupitisha kitanda vijijini na akina mama kumi na watano nyuma yake, na nikaona acha ajifunze mwenyewe.

Siku ile ya Kerege nitaisema kwa ufupi, kwa sababu kuisema kwa urefu bado siwezi.

Mimba ilikuwa ya kwanza, na mke wangu alikwenda kujifungulia kwa mama yake, Mlingotini, kama ilivyo desturi, na kitanda chake akaenda nacho. Mvua ilikuwa haijakatika kwa wiki nzima. Siku ya pili ya uchungu mkunga alitoka chumbani akakaa kizingitini, akasema mikono yake imefika mwisho, apelekwe hospitali. Njia ya Bagamoyo ilikuwa imekatwa na maji. Ilibaki kukata kwa miguu mpaka Kerege, kwenye barabara kuu, ambako malori ya Dar es Salaam yalikuwa yakifika na kugeuza. Tulikuwa wanne: mimi, shemeji yangu ambaye ni kaka wa mke wangu, na majirani wawili. Tulifunga miti miwili chini ya mifumbati. Ili mvua isimpige usoni, nilipinda fito nne juu ya kitanda nikatandika khanga juu yake. Nilifanya kazi safi. Sikuona kwamba ilikuwa kazi ileile ninayoifanya anapofariki mwanamke, maana jeneza la mwanamke huinuliwa kibanda namna hiyo ili umbo lake lisionekane.

Katikati ya njia kuna bonde la mpunga. Wakulima walituona tunashuka, wakaacha majembe, wakanawa mikono kwenye mfereji, wakaja. Walikuwa kama kumi. Hawakusema neno, walipokea miti tu kutoka kwenye mabega yetu yaliyokwisha kuchubuka, wakaanza kutamka shahada kwa sauti ya chini, hatua kwa hatua. Na kitanda kikaanza kwenda. Mimi ni fundi, najua kitu kikikaa sawa. Kilikwenda bila kuyumba, kwenye tope lile, kana kwamba kinapita juu ya maji yaliyotulia.

Nilikuwa natembea ubavuni, sikio langu karibu na khanga. Nikamsikia mke wangu anacheka. Kicheko kidogo, cha mtu aliyechoka. Akasema, "Waambie bado." Akapumua, kisha akasema, "Lakini wasishushe."

Nikayasikia yote mawili. Nikaifikisha nusu, na nusu yenyewe sikuifikisha kwa adabu. Nilipiga kelele kwamba wanamzika mtu aliye hai, nikawaita wachawi, nikamsukuma kifua yule aliyekuwa mbele akaanguka kwenye tope. Wakakishusha kitanda. Shemeji alisema, "Waache wabebe, shemeji." Nikamwambia anyamaze. Wale watu walituangalia, wakatazamana, wakarudi pembeni bila kujibu tusi hata moja.

Tukabaki wanne. Tulipumzika mara tatu. Mara ya tatu tuliweka kitanda chini mahali ambapo nguzo za simu za barabara ya Kerege zinaonekana kabisa, unaweza kuzihesabu, na nilipofunua khanga mke wangu alikuwa ameshakwenda. Nakumbuka kwamba watu walitokea nyuma yetu wakapokea kitanda, na tukarudi naye Mlingotini. Ni nani, na walitoka wapi, sikuuliza. Mtu aliyefiwa hatazami nyuso.

Ile nusu ya pili sikumwambia mtu. Sikumwambia mama mkwe wangu, sikumwambia shemeji. Nilijua uzito wake. Kama ningeisema, kila mtu angejua kwamba alikuwa ameomba kubebwa na watu wanaojua kubeba, na mimi nikawafukuza. Shemeji hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililonimaliza. Tukawa watu wa kupeana mkono siku ya Idi.

Sasa nirudi kwa mwalimu na viatu vyake.

Tuliondoka Bagamoyo asubuhi, msimu wa kipupwe, njia kavu. Kabla hatujafika hata mwisho wa mji akina mama waligoma. Walisema kitanda kitupu hakibebwi mabegani, kinaita mtu. Wakakiwekea mto na mkeka. Watu wakaanza kuleta vitu: mfuko wa misumari, bunda la pamba, kopo la rangi, khanga zilizochakaa zikawa laini, ambazo ndizo bora kwa mtoto mchanga. Ili visianguke tukavifunga kwa kamba, na ili visipate vumbi mama mmoja akavua shuka jeupe begani mwake akavifunika. Nikatazama kitu tulichokibeba. Hata mimi, niliyejua kwamba pale chini kuna kopo la rangi, moyo ulishtuka.

Upande wa Mbegani tulipishana na wakata boriti wakitoka kwenye mikoko. Walikuwa na matope hadi mapajani. Waliposikia miguu yetu waligeuka, wakatua mizigo, wakavua kofia zao za ukili za kazini, wakaja moja kwa moja kwenye miti. Mwalimu macho yalimjaa machozi. Alidhani wameguswa na Azimio.

Tukaenda kitambo. Aliyekuwa mbele yangu akaninong'oneza, "Marehemu ni mtu wa wapi?"

Kabla sijajibu mwalimu akadakia, "Tunakwenda Dar es Salaam, ndugu."

"Mnakwenda kuzika Dar es Salaam? Kwa miguu?"

Wakati huo mtu mzima mmoja wao alikuwa amegeuka nyuma na kuwaona akina mama. Akawakemea vikali, akiwauliza ni tangu lini wanawake wanafuata jeneza, na dunia imefika wapi. Mama mwenye shuka akamjibu kwamba dunia imefika Mbegani, na kama ana shaka afunue aone. Akafunua. Akaona kopo la rangi.

Nilingoja wakasirike. Ningekuwa mimi, ningekasirika. Mwalimu alisimama akiwa amekauka, akijaribu kueleza zahanati na kuomba radhi kwa pamoja. Yule mtu akalifunika lile kopo taratibu, akalikunjia shuka pembeni kama unavyomkunjia aliyelala, akarudisha bega chini ya mti. "Twendeni," akasema. "Leo nimepata thawabu za misumari." Wenzake wakacheka, na hawakutoka. Walitubebea mpaka mwisho wa mpaka wao, wakatukabidhi kwa watu wa mbele, na watu wa mbele nao wakaja na uso wa msiba, wakaambiwa, wakacheka, wakabeba.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku nzima. Kila kijiji walikosea, na kila kijiji wakishajua kosa lao hawakuondoka. Nilianza safari nikiwa na malengelenge mawili na hasira ya kunitosha mpaka Dar es Salaam. Hadi adhuhuri malengelenge yalikuwa sita na hasira sikuiona ilikodondokea. Nilikuwa nimeishi miaka thelathini na kitu katika pwani ile, nimewatengenezea watu hawa majeneza na nimeyabeba, na sikuwahi kusimama nikaona ni jambo la namna gani. Mtu anaacha jembe lake, hajui amebeba nani. Anakwenda. Nilitembea nikiwatazama migongo, na nikaogopa kidogo, kama ninavyoogopa ninaposimama ufukweni mahali ambapo maji yanaanza kuwa meusi.

Nisije nikasahau, niseme mapema habari za mwisho ili msomaji asinisumbue. Dar es Salaam tulifika. Zahanati ilijengwa, yenye chumba kimoja cha kujifungulia na dirisha linalopokea upepo wa bahari, na waliochimba msingi ni walewale waliobeba. Vitanda vya chumba kile niliwamba mimi. Mwaka uliofuata nilitembea tena, na mwingine tukatembea mpaka Pangani, siku ambazo sizikumbuki kwa starehe, tukitafutia vijiji vya kule machela. Mwalimu alihamishwa akarudi bara. Alijifunza kusalimia akiwa amesimama. Lakini hayo yote kwangu yalianzia asubuhi ya siku ya pili, kwenye bonde la mpunga.

Tulilala Mlingotini. Asubuhi, tunafunga kamba, shemeji akatokea. Alikuwa amepungua. Alinipa mkono, akakizunguka kitanda, akapitisha kiganja kwenye mfumbati. Alikijua.

"Nitashika mbele kushoto," akasema. "Kama siku ile."

"Sawa," nikasema. Mimi nikashika mbele kulia.

Njia ya Kerege wakati wa kipupwe si njia ileile. Ni ya mchanga, ina kivuli cha mikorosho, mtu anaweza hata kuipenda. Miguu yangu ilikuwa mibovu, bega limeota nundu, lakini hayo niliyashukuru, maana yalinipa kitu cha kufikiria. Nilichokuwa nakiogopa ni bonde. Nilikuwa nimeomba usiwe msimu wa kazi, pasiwe na mtu. Tulipotoka kwenye mikorosho nikawaona wamesimama kwenye matuta, majembe chini, wakinawa mikono mferejini.

Walikuja kama walivyokuja siku ile. Mmoja, mtu wa makamo mwenye mvi upande mmoja wa kichwa, akanyoosha bega mbele yangu, nami nikarudi hatua moja nyuma yake kama desturi inavyotaka. Wengine wakaja kwa shemeji, yeye akatikisa kichwa, hakuachia. Kisha wakaanza kutamka shahada, kwa sauti ya chini, hatua kwa hatua.

Nilikuwa nimejileta, kwa miguu yangu miwili, mahali palepale. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nilichokuwa nataka kusema sikijui hadi leo.

Mwalimu aliniwahi. Alikuwa ameshakuwa mzoefu, akawakimbilia mbele akasema, "Wazee wangu, samahanini, hapa hakuna maiti, ni vifaa vya zahanati."

"Tunajua, mwalimu," akasema yule mwenye mvi, bila kusimama. "Habari zenu zimefika toka jana."

"Sasa mbona mnasoma?"

"Tunamsomea aliyepita na kitanda hiki."

Mwalimu akanitazama, akamtazama shemeji. Nadhani ndipo alipojua ni nani alimwazima kitanda. Akarudi nyuma kwa akina mama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akatembea bila haraka.

Tulitembea. Yule mtu aliongea na mimi bila kugeuka, maana aliyebeba hageuki.

"Fundi, kitanda hiki nakifahamu. Mfumbati wake una kifundo hapa karibu na bega. Nilikirudisha mimi Mlingotini."

"Wewe?"

"Mimi na hawa. Na mimi ndiye uliyenisukuma."

Nikasema, "Ninyi mlirudi mashambani. Niliwafukuza."

"Ulitufukuza, tukakaa pembeni. Lakini mlikuwa wanne, Fundi, na tope lile. Tukasema tuwafuate kwa mbali, mkishindwa tuwe karibu. Tulipitia mikoroshoni ili usituone ukaudhika. Kila mlipopumzika nasi tulisimama." Akavuka kijito kikavu, akapandisha bega. "Wewe ulidhani tulitokea wapi?"

Kwa miaka mitatu nilikuwa nimejua kwamba watu walitokea, na sikuwahi kuwaza kwamba ili mtu atokee lazima awe amekuja. Walikuwa wameyabeba matusi yangu na wakanifuata nayo mvuani. Nilitaka kukaa chini palepale mchangani. Mti ulikuwa begani, sikuweza.

"Kuna neno moja linanikera mimi," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nakuuliza, na ukitaka usinijibu. Tulisoma shahada juu ya mtu aliye hai. Mke wangu naye alikuwa mjamzito mwaka ule, nikimtazama nasikia aibu. Yule mama, alitusikia?"

Shemeji alikuwa upande wa pili wa kitanda, mkono mmoja tu kutoka kwetu. Niliona kisogo chake. Nilijua kwamba nikisema alisikia tu, nimemtwisha huyu mtu mzigo usio wake. Nikisema hakusikia, nimemficha mke wangu mara ya pili. Na nikisema yote, shemeji atajua.

"Alisikia," nikasema.

Yule mtu akainamisha kichwa.

"Alisikia, akacheka. Akaniambia, waambie bado." Nikaukaza mkono kwenye mti. "Kisha akasema, lakini wasishushe. Alinituma hilo kwenu. Alipenda mlivyombeba. Sikuwaambia. Sikumwambia mtu yeyote. Nilipiga kelele badala yake, mkashusha."

Shahada ilikuwa imenyamaza, ilisikika miguu tu mchangani, miguu mingi, na misumari ikigongana ndani ya mfuko. Niliona mti wa kushoto unatetemeka. Shemeji alikuwa analia, mabega yanatikisika, na kitanda kizima kikawa kinatikisika naye. Mmoja wa wale wakulima akamsogelea kumpokea, akakataa tena. Nilingoja aseme lolote alilokuwa amelihifadhi kwa miaka mitatu. Ningelipokea.

"Alicheka?" akauliza, bila kugeuka.

"Alicheka."

"Yule," akasema shemeji, na hakuweza kumaliza. Tukaenda hatua nyingi. Kisha akasema, polepole, "Hata mimi hukuniambia."

"Hata wewe. Nisamehe."

Alifuta uso kwa kiwiko, akalisogeza bega lake ndani zaidi chini ya mti, na kitanda kikatulia.

Sauti ya yule mwenye mvi ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu aliyepewa kitu. "Alisema wasishushe?"

"Wasishushe."

"Basi hakishuki." Akawaambia wenzake nyuma, wao wakawaambia wa nyuma yao, nikalisikia neno la mke wangu linapita mdomo kwa mdomo mpaka kwa akina mama. Mwalimu alikuwa amepanga tupumzike mwisho wa bonde na alikuwa ametangulia, ameshatandika majani. Tulimpita. Watu walibadilishana mabega mbele na nyuma, mimi nikirudi nyuma, nikitoka, nikikimbilia mbele tena na malengelenge yangu. Kilikuwa kinakwenda kama siku ile, sawa kabisa, hakuna kitu kilichogonga juu yake, hata misumari ilikuwa imetulia. Sijui kulia kwa adabu, nililia kwa sauti, na hakuna aliyenitazama.

Nilipopata nguvu ya kuinua macho nikaona malori mbele yetu, watu wa Kerege wamesimama barabarani wakingoja zamu yao, wengine wameshavua kofia. Nikatupa jicho nyuma kutafuta pale nguzo za simu zinapoanza kuonekana, pale alipotutoka, ambapo niliapa kwamba nikipafikia sitaweza kupavuka.

"Shemeji," nikasema, "pale mahali tumepapita saa ngapi?"

"Zamani," akasema. "Wewe shika."